Taa za gari la zamani zinawaka na kuzima zenyewe: namna ya kuutafuta ugonjwa kabla hujanunua kifaa chochote

Ndugu zangu wenye magari ya zamani hapa Tanga, nyie wa Land Rover za Series, Peugeot 504, Volkswagen Beetle, Datsun pikapu na mengine ya umri huo, mafundi wa injini zenu bado wapo, kinachowatoa watu jasho ni umeme wa taa. Na hasa ule umeme ambao ukimpelekea fundi mchana taa zinawaka vizuri kabisa, anakuambia gari zima hili, afu unatoka Muheza saa mbili usiku unarudi mjini, pap, giza, na mbele yako kuna bodaboda haina taa na lori linakuja. Hii si kitu cha kusema ntaangalia wiki ijayo.

Neno langu la kwanza ni hili, taa inayowaka na kuzima mara nyingi haina kifaa kilichokufa, ina maungio yaliyolegea au yaliyoliwa na kutu. Kifaa kikifa kwa kawaida kimekufa, hakifufuki ukipita kwenye shimo. Sasa mtu anaanza kwa kununua swichi mpya, globu mpya, flasha mpya (kile kifaa kinachopepesesha indiketa), hela inaisha ugonjwa upo palepale, na kibaya zaidi ile kuchomoa cha zamani na kuchomeka kipya kunasugua kutu kidogo kwenye taminali (ile ncha ya chuma ambapo waya unashika), kwa hiyo taa inawaka wiki mbili tatu, unaamini swichi ndo ilikuwa mbovu, kumbe uliposafisha bila kujua ndo palipokuwa na ugonjwa, na kutu inarudi.

Na sisi wa huku tuna adui wa ziada, chumvi. Gari linalolala Raskazone au Sahare linapigwa na upepo wa bahari usiku kucha, chumvi inatua kwenye kila shaba iliyo wazi, unyevu unakuja juu yake, baada ya muda unaona ule unga wa kijani. Ule unga haupitishi umeme vizuri. Kwa Land Rover ni zaidi, coz bodi yake ni aluminiamu na chasisi yake ni chuma, na aluminiamu ikigusana na chuma penye maji ya chumvi, aluminiamu inaliwa, inatoa unga mweupe, na umeme wa taa za nyuma unategemea kupita hapohapo kurudi betri.

Hatua ya kwanza: andika inazima lini

Usifungue kitu bado. Ukimuuliza mwenye gari, mzee taa inazima ukifanya nini, anakujibu ah mwanangu, inazima ikitaka. Haizimi ikitaka. Kuna sababu kila mara, kwa hiyo chukua karatasi weka kwenye dashibodi, na kila ikizima andika: taa gani, moja au zote mbili, barabara mbovu au lami, mvua au jua, gari limetembea muda gani, ulikuwa umekanyaga breki, umewasha indiketa, umepiga honi? Fanya hivyo siku kadhaa ila uwe unatembea mchana, usijitoe kafara usiku kwa ajili ya kuandika.

Ile karatasi inakupa nusu ya jibu. Taa kubwa zote mbili zikizima kwa pamoja, achana na globu, ugonjwa upo sehemu inayozihudumia zote, yaani swichi, waya mkubwa unaotoka betri, au kiunganishi kabla waya haujagawanyika. Ikizima moja tu, ugonjwa upo palepale kwenye ile taa, holda (kishikio cha globu), globu, kiunganishi chake au ethi yake, yaani ile njia ya kurudi betri kupitia bodi. Dimu (mwanga wa chini) inazima lakini fulu (mwanga wa juu) inawaka, nenda kwenye swichi ya dimu. Inazima kwenye mashimo tu, kuna kitu kimelegea au waya unasuguana na chuma. Inazima baada ya mvua au baada ya kuosha gari, maji yanaingia kwenye holda au kwenye viunganishi. Inawaka vizuri dakika ishirini afu inazima, ukiipumzisha inarudi, hapo kuna kitu kinapata moto, mara nyingi swichi yenyewe au taminali yake, na kwenye baadhi ya magari ya zamani ya Kimarekani ndani ya swichi ya taa kubwa kuna kikata umeme kinachojizima kikipata moto na kujirudisha kikipoa, kwa hiyo taa zinakata na kurudi, kata rudi.

Ukikanyaga breki afu indiketa inawaka kwa mbali, au ukiwasha indiketa taa ya paki nayo inapepesa, hiyo usihangaike nayo, ni ethi mbovu. Umeme umekosa njia ya kurudi, unapita kwenye uzi wa globu nyingine kutafuta pa kutokea.

Na kama taa zinafifia gari likiwa sailensa, yaani injini inazunguka bila kukanyaga moto, na kung'aa ukikanyaga, angalia kwanza gari lako linachaji betri kwa dainamo au kwa alteneta. Dainamo haichaji vya maana sailensa, kwa hiyo kufifia kidogo ni kawaida yake, si ugonjwa. Kwa alteneta kufifia sana ni dalili, pima betri injini ikiwaka, inatakiwa volti 13.8 mpaka 14.4 hivi.

Hatua ya pili: vifaa

Mita ya dijitali ya bei ya kawaida inatosha. Waya mrefu wa kutoka betri mpaka taa ya nyuma wenye klipu kila upande. Msasa laini, brashi ndogo ya waya, dawa ya kusafishia taminali, vaselini, koleo la kubana taminali, tepu. Na testa, hapa nataka tuelewane vizuri.

Testa ya kununua yenye kataa kadogo ka LED, au mita peke yake, vinaweza kukudanganya kwenye ugonjwa huu. Mita inavuta umeme mdogo mno, karibu hakuna, kwa hiyo waya wenye nyuzi ishirini uliobaki na uzi mmoja tu bado utakuonyesha volti 12 kamili, unasema umeme upo. Upo lakini hauna nguvu ya kuwasha kitu. Kwa hiyo tengeneza testa yako, chukua holda ya zamani, weka globu ya indiketa ya wati 21, unga waya mbili zenye klipu. Hiyo globu inavuta karibu ampia 1.75, kwa hiyo ikigusa waya mbovu inawaka kwa mbali au haiwaki kabisa, na ukiutikisa waya unaiona inapepesa. Ila hiyo testa ni ya magari haya ya zamani, usiende kuchomeka kwenye gari la kisasa lenye kompyuta ukaunguza vitu vya watu.

Hatua ya tatu: betri na ethi

Anza na betri, ukifungua fungua kwanza upande uliofungwa kwenye bodi. Kwa magari mengi huo ni hasi, lakini magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960 chanya ndo iko kwenye bodi, kwa hiyo angalia kwa macho waya gani unaenda kwenye chuma, usifuate mazoea. Safisha nguzo za betri na vishikio vyake mpaka ving'ae, afu fuata waya wa ethi mpaka unapoishia kwenye chasisi, fungua ile nati, sugua chuma, sugua taminali, paka vaselini juu baada ya kukaza. Fanya hivyo pia kwa ule mkanda wa shaba unaounganisha injini na chasisi, huo watu wanausahau kabisa.

Sasa kipimo chenyewe. Washa taa inayosumbua. Kama saa hiyo imefifia au imezima, chukua waya wako mrefu, klipu moja kwenye hasi ya betri, nyingine gusa chuma cha holda ya taa (kama gari lako chanya ndo iko kwenye bodi, basi klipu iende chanya). Taa ikirudi kwa nguvu umeshapata, ni ethi. Kama taa inawaka tu vizuri na haitaki kukosea mbele yako, tumia mita, iweke kwenye volti DC, taa ikiwa imewashwa, ncha moja hasi ya betri nyingine kwenye chuma cha holda. Inatakiwa usome chini ya volti 0.2. Ukisoma 0.8 au volti nzima, hiyo ethi inakula umeme hata kama taa inawaka, na siku si nyingi itazima. Halafu pima upande wa pili, ncha moja chanya ya betri, nyingine kwenye taminali ya globu inayoleta umeme, isizidi kama 0.5 kwa taa kubwa. Lazima taa iwe imewashwa, taa ikiwa imezimwa kipimo hiki hakina maana yoyote coz hakuna umeme unaotembea.

Watu wanadharau nusu volti. Globu ya uzi ikipungukiwa volti kwa asilimia 10 mwanga unapungua karibu asilimia 30. Ndo maana unakuta mtu analalamika taa za Land Rover ni za kibatari, anataka kufunga globu za wati 100, wakati volti zinapotea njiani, na akifunga hizo wati 100 waya na swichi za zamani zinapata moto zaidi.

Dawa ya ethi ya taa za nyuma za Land Rover usihangaike kusugua aluminiamu kila mwaka. Vuta waya mweusi kutoka kila holda ya nyuma, zikusanye sehemu moja, zifunge kwenye chasisi ya chuma ulipopasugua pakawa peupe, paka vaselini. Nimeona gari la Chumbageni lililobadilishiwa taa za nyuma mbili zima, swichi ya breki, na bado breki ilikuwa inawasha indiketa ya kushoto, waya mmoja wa ethi ukamaliza kesi.

Hatua ya nne: jua rangi za waya kabla hujakata

Hapa naomba mnisikilize, coz hapa ndo magari yanaungua. Gari la Kiingereza la zamani, waya mweusi ni ethi, waya wa kahawia una umeme wa betri muda wote hata funguo ukiwa nao mfukoni. Gari la Kijerumani kama Beetle, wa kahawia ndo ethi, na mweusi unaweza kuwa na umeme. Yaani kinyume kabisa! Fundi aliyezoea Volkswagen akija kwenye Land Rover akafunga waya wa kahawia kwenye bodi ni moshi papo hapo.

Kwa za Kiingereza zenye vifaa vya umeme vya kampuni ya Lucas kariri hizi: wa buluu wenye mstari mweupe ni fulu, wa buluu wenye mstari mwekundu ni dimu, mwekundu ni taa za paki na nyuma, kijani wenye mstari mwekundu indiketa ya kushoto, kijani wenye mstari mweupe indiketa ya kulia, kijani wenye zambarau ni taa za breki. Kama gari limeshapita kwa mafundi wengi rangi hazitakuwa hizo zote, fuata waya kwa mkono na uandike.

Hatua ya tano: tikisa

Giza likiingia au ndani ya gereji, washa taa zote, mtu mmoja akae mbele anaangalia, wewe anza kutikisa. Kila kiunganishi, kila fungu la waya, kila holda. Taratibu, sehemu moja moja, usivute kama unang'oa muhogo. Yule akisema hapo, rudia hapohapo mpaka uwe na uhakika.

Kwenye magari ya Kiingereza viko vile viunganishi vya mpira mweusi vyenye bomba la bati ndani, waya zinaingia kila upande zikiwa na vichwa vya mviringo kama risasi ndogo. Viko nyuma ya grili, chini ya mbawa za tairi, na nyuma karibu na taa. Hivyo ndo chanzo kikubwa kuliko vyote. Chomoa, angalia kijani, sugua kichwa, bomba la ndani likiwa limetanuka au limeoza litupe weka jipya. Ukirudisha tia vaselini kidogo kuzuia chumvi.

Magari ya Ulaya ya bara kama Beetle yana fyuzi za porseleni zenye ncha za mviringo, nyeupe ampia 8 na nyekundu ampia 16 kwenye Beetle, zinashikwa na vibati viwili. Taa ikizima, izungushe fyuzi kwa kidole palepale ilipo. Ikirudi, fyuzi ni nzima, vile vibati ndo vina kutu au vimelegea, visugue na uvibane kidogo. Fyuzi za vioo nazo zina hii tabia kwenye vikofia vyake. Na ukiwa unanunua fyuzi ya kioo ya Kiingereza ya ampia 35, jua hiyo 35 ni kiwango cha kuungua, kazi yake ya muda wote ni karibu 17, kwa hiyo usiweke ya aina nyingine iliyoandikwa 35 ukadhani ni sawa. Ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara na kipande cha waya badala ya fyuzi sitaki hata kuviongelea, gari linaungua na watu ndani.

Globu yenyewe nayo usiiache. Uzi ukikatika ndani unaweza kugusana na kuachana kwa mtikisiko, kwa hiyo hamisha globu ya kushoto iende kulia, ugonjwa ukihama umejua. Globu za nyuzi mbili za 21/5 vipini vyake haviko usawa mmoja, mtu akiilazimisha kinyume taa ya nyuma na ya breki zinabadilishana, afu anasema umeme una mashetani.

Hatua ya sita: swichi, na kwa nini nashauri rilei

Land Rover Series II na IIA swichi ya dimu iko sakafuni unaikanyaga kwa mguu wa kushoto, inakula tope na maji ya kila mvua ya masika. Series III, zilizoanza 1971, imehamia kwenye usukani. Zote mbili umeme wote wa taa kubwa unapita ndani yake. Globu mbili za wati 60 ni wati 120, kwa volti 12 ni ampia 10 zinapita kwenye vibati vidogo vya miaka hamsini. Gusa swichi baada ya kuendesha na taa, kama ni ya moto, au plastiki ya taminali imegeuka kahawia, hapo ndipo.

Unaweza kuisafisha, lakini mimi nashauri ufunge rilei mbili, moja ya fulu moja ya dimu. Rilei ni swichi inayowashwa kwa umeme mdogo, kwa hiyo umeme mkubwa wa taa unapita kwenye rilei badala ya swichi yako ya zamani. Si vigumu. Taminali 30 inapokea umeme kutoka betri kupitia fyuzi, 87 inaenda kwenye taa, 86 inapokea ule waya wa zamani kutoka swichi, 85 inaenda ethi. Waya wa kutoka betri uwe milimita za mraba 4, wa kwenda kila taa 2.5. Na weka fyuzi ya ampia 10 kwa kila uzi wa kila taa peke yake, coz magari mengi ya zamani ya Kiingereza taa kubwa hazipiti kwenye fyuzi kabisa, na ukiziweka kwenye fyuzi moja zote, ikiungua unabaki gizani kwa spidi 80. Zikiwa peke peke, ikiungua moja nyingine inakufikisha.

Indiketa ikienda mbio kuliko kawaida, mara nyingi kuna globu haiwaki au ina wati ndogo. Ikienda polepole au kuganda, angalia kwanza kama globu zote zinawaka, coz flasha nyingi za zamani zinaganda globu moja ikifa; zikiwa zima, huenda volti hazifiki, rudi kwenye ethi. Ukifunga LED bila kubadilisha flasha ya zamani itaenda mbio au itaganda, hiyo si mbovu. Taa za breki zisizowaka mpaka ukanyage kwa nguvu, kwa magari yenye swichi inayosukumwa na presha ya mafuta ya breki, ndo sehemu mojawapo chache ambapo kununua kipya ni sahihi.

Hatua ya saba: fyuzi inayoungua mara moja moja

Huu ndo mgumu kuliko yote, waya unapiga shoti ukipita shimo fulani tu. Usichome fyuzi kumi. Toa fyuzi, toa globu zote za mzunguko huo, afu mahali pa fyuzi unga ile testa yako ya wati 21. Washa swichi ya taa. Kwa kuwa globu zote umezitoa, testa haitakiwi kuwaka. Sasa tikisa waya, sukuma gari mbele nyuma, panda bampa uruke ruke, pita kila waya unapopenya kwenye tundu la bati, kila unapopita juu ya chasisi karibu na springi, kwenye bawaba za milango. Testa ikimweka, umegusa penyewe, na hakuna kilichoungua coz globu inazuia umeme kuzidi. Ukiona waya umechubuka usiishie kuzungushia tepu, kwa joto letu gundi inayeyuka inateleza. Kata kipande, weka kipya cha unene uleule, bana taminali vizuri, na rudisha mpira wa tundu ambao bila shaka haupo.

Ile silikoni inayonuka siki msipake kwenye viunganishi, hiyo siki inaila shaba.

Kupima mwisho

Washa kila kitu, taa, hazadi, wepa, feni kama ipo, pita barabara mbovu mchana nusu saa na zaidi, mtu akufuate nyuma anaangalia. Ukirudi gusa swichi, rilei na fyuzi kwa mkono, pasiwe pa moto. Siku inayofuata mwagia maji nyuma na mbele, rudia. Ikizima tena, chukua ile karatasi uandike upya, ukikuta tabia imebadilika, kwa mfano zamani ilikuwa inazima kwenye mashimo sasa inazima baada ya mvua, basi kazi yako ya kwanza haikuharibika, magonjwa yalikuwa mawili na umebakiza moja.